Uzi wa Kadi Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta ngazini, funguo za Shangazi mkononi. Vyumba vyake viwili viko juu ya duka la magodoro, na tangu tumzike Januari hakuna aliyepanda. Nimeomba likizo ya wiki kumi kutoka maktaba ya chuo. Mkuu wangu akauliza nakwenda kufanya nini wiki kumi zote, nikamjibu nakwenda kuandika kurasa mbili. Akacheka sana. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Chama cha manusura kinatoa kijitabu cha kuwakumbuka watu watatu waliotumia maisha yao kuwasaka wahalifu wa vita, na Shangazi ni mmoja wao. Mimi ndiye ninayejulikana kwa kuandika katika ukoo huu, basi kazi ikaniangukia.

Nimekaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani tangu asubuhi, na sentensi moja tu ndiyo imenijia: hakuja kwenye harusi yangu. Hiyo siwezi kuiweka kwenye kijitabu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimefuta vumbi. Sijaandika kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Hatimaye nimepata kazi ninayoiweza! Kwenye droo ya cherehani nimekuta bunda la kadi za vipimo, zile mafundi wanazoandika kifua, bega, kiuno na mkono. Zimetobolewa tundu pembeni na kutungwa kwenye uzi mweusi mnene. Mihuri ni ya mafundi mbalimbali wa miji mbalimbali. Hakuna jina la mteja hata moja, hakuna tarehe hata moja. Mkutubi akiona vurugu ya namna hiyo vidole vinamwasha. Nikachukua mkasi wa Shangazi, nikaukata uzi, nikazipanga kadi kwa majina ya miji, A mpaka Z, nikaweka na vigawanyio vya rangi. Nusu saa tu. Nikajipikia chai nikijipongeza.

Kitu kimoja kiliniharibia furaha. Katikati ya kadi kulikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi yangu. Ameitoboa tundu! Nyuma ameshonea kipande cha kitambaa cha kijivu, sijui ni mabaki ya nini. Miaka kumi na mmoja nimejiambia labda hakuupata mwaliko. Kumbe aliupata, akaufanya kihifadhi cha vitambaa. Nimeutupia kwenye mkoba wangu ili nisiuone tena.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya balaa.

Asubuhi amepanda Bwana Stempu, akipumzika kila ngazi ya tatu. Ndivyo tulivyomwita tangu utotoni, kwa sababu alikuwa karani wa posta. Kwa miaka ishirini na saba yeye na Shangazi walikuwa hawaachani, hata Mama akaapa kwamba ni wachumba. Alikuwa amelazwa hospitali tangu kabla ya mazishi. Hakuuliza hali, hakuketi. Aliuliza uko wapi uzi. Nikamwonyesha sanduku langu kwa fahari, na vigawanyio vyake.

"Umeukata?" akauliza.

Nikasema nimeukata.

Mzee wa miaka sabini na mbili akakaa sakafuni. Nilidhani amepatwa na kiharusi. Nikamletea maji, akayaangalia tu. Kisha akaanza kunieleza, na kila alipoendelea mimi nikazidi kusinyaa.

Kadi zote ni za mtu mmoja. Wakati wa vita aliitwa Filimbi, kwa sababu alitoa amri zake kwa filimbi. Aliwafungia watu sitini na watatu kwenye ghala la nafaka, akapuliza, na askari wake wakafyatua. Vita vilipokwisha akayeyuka. Jina jipya, vyeti vipya, wala hakukuwa na picha yake hata moja. Lakini Shangazi alikuwa fundi wa kikosi chake, na alikuwa na kitu ambacho hakuna mpelelezi aliyekuwa nacho: alikuwa amempima. Mkono wa kushoto wa Filimbi ni mfupi kuliko wa kulia kwa inchi moja na nusu, bega la kulia limeshuka, na kila nguo aliagiza mfuko mwembamba kwa ndani, wa filimbi yake.

Basi Shangazi akamsaka kupitia mafundi. Mtu hubadilisha jina, lakini mkono wa shati lazima ukatwe kwa urefu wake. Bwana Stempu aliandika barua kwa kila fundi ambaye posta ilimfikia, Shangazi akafuata kwa miguu yake. Kila alipompata fundi aliyemshonea yule mtu, alimwomba kadi ya vipimo na kuitunga kwenye uzi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa safari ya Filimbi. Majina na tarehe hakuweka, ili mtu akivunja mlango aone takataka za fundi cherehani tu. Uzi ndio ulikuwa maandishi yenyewe.

Na mimi nimeukata, nikanywa na chai.

Kuna zaidi. Filimbi amekamatwa. Desemba, kwenye mji mdogo mbali na hapa, mzee mwenye duka la chakula cha kuku. Shangazi ndiye aliyemwonyesha. Mahakama maalumu itasikiliza kwanza swali moja tu: je, huyu muuza chakula cha kuku ndiye Filimbi? Ni tarehe nane Mei. Wasipothibitisha, anaachiwa siku hiyohiyo, na ana ndugu ng'ambo wanaomsubiri na tikiti. Shangazi alimwahidi wakili wa mashtaka kwamba atamletea uzi kwa mkono wake. Wiki tatu baadaye akafariki.

Nilimuuliza Mzee kama anaukumbuka mpangilio. Akasema yeye alikuwa mtu wa barua, kadi alizishughulikia Shangazi. "Ninachojua, zilikuwa kumi na tisa. Kila mwaka mpya alinipa nizihesabu."

Nimezihesabu mara nne. Ni kumi na nane.

Jumanne, 12 Machi

Nimepekua droo, chini ya zulia, ndani ya tumbo la cherehani. Nimekuta pini mia na sarafu ya nchi ambayo haipo tena. Kadi hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kwa wakili wa mashtaka kuungama. Ni mwanamke mdogo kwangu, ana sauti ya upole na macho yasiyokuachia. Nilitarajia atanifokea, ningefarijika kidogo. Alinisikiliza, akaandika, kisha akasema nitalazimika kuyasema hayohayo mbele ya jaji, na nisijaribu kuyapamba. Upande wa utetezi unadai watu wenye mkono mmoja mfupi ni wengi, na kwamba kadi hizi zinaweza kuwa za watu wawili au watatu. Uzi ulikuwa ndio jibu. Akaniuliza kama naweza kuurudisha mpangilio kwa ushahidi, si kwa kubahatisha. Nikasema ndiyo. Nilivyofika nje nikajiuliza nimeupata wapi ujasiri huo.

Jumanne, 19 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Tumbo!

Tangu Ijumaa nimezitandaza kadi sakafuni na kuzisogeza huku na huku kama mtu anayecheza karata peke yake. Leo nilikuwa nala huku nikizitazama, mkanda wa sketi ukanibana, nikalegeza kifungo, na hapohapo nikaona. Mkono haubadiliki, bega halibadiliki, lakini kiuno! Kadi ya kwanza ya Shangazi mwenyewe, yenye saini ya Filimbi, isiyosomeka jina, aliyotia siku ya kuchukua sare, kiuno ni inchi thelathini na moja. Ya mwisho, ya mji wa chakula cha kuku, ni arobaini na tatu. Mtu huyu amekuwa akinenepa miaka yote aliyokuwa akijificha, na kila fundi ameandika!

Nilimpigia simu Bwana Stempu nikipiga kelele kiasi kwamba muuza magodoro alipanda kuuliza kama kuna mwizi. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema miaka ishirini na saba ameiombea mahakama, leo ndiyo mara ya kwanza kuliombea tumbo la Filimbi.

Jumamosi, 23 Machi

Si rahisi hivyo. Kadi tatu zina kiuno thelathini na nne, na moja imeshuka hadi thelathini na mbili. Bwana Stempu amekuja na makasha mawili ya barua za mafundi, zenye mihuri ya posta. Barua moja ndiyo imetuokoa: fundi anasema mteja wake alikuwa ametoka kuugua, nguo zote zinampwaya, anataka zipunguzwe. Tarehe ya posta inasomeka. Basi tumefanya hivyo, barua na kadi, kadi na barua. Mzee anasoma muhuri kwa kioo cha kukuza na kusema tarehe kabla sijaiona. Mvua inapiga bati, paa linavuja kwenye ndoo, na mimi sijawahi kuipenda kazi kiasi hiki maishani mwangu.

Alhamisi, 28 Machi

Leo tukiwa tunapumzika nilimuuliza Mzee jambo lililonikaa moyoni. Shangazi hakufiwa na mtu ghalani. Hakuwa na ndugu pale. Kwa nini yeye?

Bwana Stempu alikunja miwani yake. Akasema siku ya pili baada ya ghala, Filimbi alikwenda kwenye banda la Shangazi na shati jipya la sare alilomshonea. Kifungo cha kifuani kilikuwa kimeng'oka, alitaka kirudishwe. Alikaa kwenye kiti akisubiri. Shangazi alijua kilichotokea, mji mzima ulijua. Alitunga uzi kwenye sindano na kukishona kile kifungo, kwa sababu aliogopa, na yule mtu akamshukuru. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Aliniambia mara moja tu," Mzee akasema. "Alisema, 'Nilikishona vizuri.'"

Sikuweza kuendelea na kazi. Nilikwenda dirishani nikalia, nami sikuwa nimelia hata mazishini.

Jumanne, 2 Aprili

Kurasa mbili za kijitabu: bado sifuri. Mwenyekiti wa chama amepiga simu. Nimemdanganya kwamba narekebisha.

Ijumaa, 5 Aprili

Mpangilio umekamilika, isipokuwa pengo. Kadi ya kumi na mbili kiuno thelathini na sita. Ya kumi na tatu, arobaini na moja. Kati yake miaka saba bila barua, bila kadi, na miji ipo pande mbili tofauti za nchi. Wakili ameangalia, akanitahadharisha. Utetezi watasema hapa ndipo mtu wa kwanza alipoishia na mtu wa pili alipoanzia. Anaihitaji ile kadi iliyopotea.

Kutoka kuruka kwa furaha hadi kukaa kwenye ngazi nikiwa nimejiinamia, siku moja hiyohiyo. Mume wangu ananiambia siku hizi anamwona mke mpya kila jioni, hajui atamkuta yupi.

Jumanne, 9 Aprili

Bwana Stempu anakumbuka safari moja ya miaka hiyo. Shangazi alikwenda peke yake, akarudi baada ya siku nne, amenuna, hakusema neno, akapiga pasi nguo zilezile siku nzima. Alipoulizwa akasema, "Nimekosa." Mzee hakuuliza tena. Nimemgombeza kwa nini hakuuliza, kisha nikaona haya, nikamwomba radhi. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza nini?

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua imezoa daraja la barabara kuu. Nimeshinda kwa Mama, tumezozana juu ya Shangazi. Mama anasema wifi yake alikuwa na muda na wafu wa watu wengine na hakuwa na muda na walio hai wa kwake. Wiki sita zilizopita ningemuunga mkono. Leo nilimjibu vibaya.

Jumatatu, 15 Aprili

Acha niandike polepole nisiruke kitu.

Mama alikuja kwangu asubuhi kusuluhisha, maana hawezi kulala na kinyongo zaidi ya siku mbili. Mimi nikiwa jikoni alitafuta panadoli kwenye mkoba wangu. Akaja na mwaliko wa harusi mkononi, akaniuliza kwa nini kadi ya harusi yangu imetobolewa tundu kama zile kadi zangu za fundi.

Sufuria iliniponyoka.

Kila mwaka mpya Bwana Stempu alizihesabu kwa kidole gumba, ukingo kwa ukingo. Kumi na tisa! Nilikuwa nimeitoa mwenyewe kwa mkono wangu, siku ileile ya kwanza, kwa hasira tu. Nikamwomba Mama wembe. Kile kitambaa cha kijivu kilikuwa kimeshonwa kwa mishono sita. Nilifumua mmoja mmoja, Mama akinishikilia kadi. Chini yake kulikuwa na penseli iliyofifia: kifua, bega. Mkono wa kulia ishirini na nne. Mkono wa kushoto ishirini na mbili na nusu. Mfuko wa ndani, mwembamba. Kiuno thelathini na nane na nusu.

Na muhuri wa fundi, wa mji wa njia panda, nusu ya safari kati ya hapa na ukumbi wa harusi yangu.

Mama akakaa. Akasema polepole kwamba basi wifi yake alikuwa njiani anakuja.

Jumatano, 17 Aprili

Fundi wa Njia Panda yu hai! Bwana Stempu amempata kupitia posta ya kule, ambako bado wanamheshimu kama mkubwa wao. Simu ilikuwa mbovu, ilikatika mara tano, nami nilikuwa nikizunguka chumba kizima nikitafuta mtandao.

Anakumbuka vizuri, kwa sababu si kila siku mtu anakaa dukani kwako siku mbili akiwa amevaa nguo ya harusi. Shangazi alishuka pale kwa dakika kumi tu, pindo la gauni lilikuwa limekanyagwa likafumuka. Fundi akiwa anashona, Shangazi akaona koti la kijivu kwenye henga, halijamalizika, mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Akaomba futi, akalipima mwenyewe. Kisha akakaa chini na kusema atamsubiri mwenye koti. Karatasi hakuwa nayo, akatoa mwaliko kwenye mkoba, fundi akaandika vipimo nyuma na kushonea sampuli ya kitambaa cha lile koti.

Fundi alimwambia dada, utachelewa shereheni. Shangazi akamjibu maneno ambayo fundi ameniambia kama alivyoyasikia, na nimemwomba ayarudie mara mbili: "Mtoto wangu anaolewa leo nami sipo. Mtu huyu akiponyoka, nitamwambia nini?"

Mwenye koti alikuja siku ya pili. Shangazi alimwona kwa macho yake, akaenda kituo cha polisi kutoa taarifa. Kabla ya magharibi yule mtu alikuwa amehama, maana kuna aliyemtonya. Koti lilibaki kwenye henga.

Kwa hiyo hakuwa na la kuniambia. Hakujitetea kamwe, na mimi nikamnunia miaka kumi na mmoja. Ee Shangazi. Ungesema tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Wakili ameiona kadi. Akaniuliza kama natambua kwamba hii ndiyo kadi pekee kati ya kumi na tisa yenye tarehe. Sikuwa nimetambua. Tulichapisha tarehe kwa herufi za dhahabu, mimi na mume wangu, na tuligombana juu ya ukubwa wa herufi.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Daraja bado. Fundi lazima afike mwenyewe, wakili amesema.

Alhamisi, 2 Mei

Kijitabu: nimeandika "Alizaliwa". Nimefuta.

Jumanne, 7 Mei

Fundi amefika! Kwa trekta! Amevuka mto kwenye trekta la mkulima wa miwa, kisha lori, kisha miguu. Amefika kwangu suruali imejaa tope hadi magotini na koti la kijivu limefungwa kwenye nailoni tatu, kavu kabisa. Alilitunza miaka yote hii kwa sababu yule mama alimwambia alitunze. Mama amempikia kama mkwe. Bwana Stempu na yeye wamekaa wakizungumza juu ya posta za zamani. Mimi siwezi kukaa, siwezi kula, nimepiga pasi shati la kesho mara tatu.

Jumatano, 8 Mei

Mahakama ina madirisha marefu, na mabenchi yanayolia kila mtu akijisogeza. Manusura walijaza upande mmoja. Filimbi aliletwa. Nilijitayarisha kuona jitu. Ni babu tu, mnene, mwenye shingo ya mikunjo, na sweta iliyofungwa vibaya. Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umemfunika vidole.

Karani alimpima mbele ya jaji. Ishirini na nne. Ishirini na mbili na nusu. Mabenchi yote yakalia kwa pamoja.

Wakili wa utetezi ni mtu mrefu mwenye adabu. Alinianza taratibu. Je, nilizikuta kadi zikiwa na mpangilio? Ndiyo. Nani aliuvuruga? Mimi. Kwa kutumia nini? Mkasi. Je, kazi yangu ni nini? Mkutubi. Watu wengine walicheka, lakini nilikumbuka nisipambe. Nikasema niliukata kwa sababu sikujua, na kwamba ningekuwa nimemuuliza Shangazi swali moja tu alipokuwa hai, ningejua.

Kisha nikaeleza viuno. Kadi kwa kadi, barua kwa barua, nusu saa nzima. Jaji aliacha kuandika akawa anasikiliza. Filimbi alikuwa akitazama sakafu.

Tukafika ya kumi na tatu, ile iliyoziba pengo. Wakili wa utetezi akaishika kwa ncha za vidole, akauliza mahakama itajuaje kwamba imeandikwa mwaka ninaosema, wakati hakuna kadi nyingine yenye tarehe. Nikamwomba aigeuze na kusoma upande wa mbele, kwa sauti. Alisita. Jaji akamwambia asome.

Akasoma. Akasoma majina ya wazazi wangu, na ya wakwe zangu, na jina langu, na saa na siku. Akaniuliza bila kunitazama kama nina hakika na tarehe hiyo. Nikasema, "Mheshimiwa, ni siku ya harusi yangu. Na aliyeibeba kadi hiyo hakufika."

Fundi akaitwa. Akalitoa koti kwenye nailoni. Jaji akauliza kama mtuhumiwa yuko tayari kulivaa, wakili wake akapinga, wakabishana. Halikuvaliwa, halikuwa na haja. Fundi aliliweka mezani na kuinyoosha mikono yake sambamba, mmoja mfupi, kisha akageuza upande wa ndani na kutuonyesha mfuko mrefu mwembamba. Mwanamke mmoja wa manusura alisimama, akabaki amesimama, na hakuna askari aliyemwambia akae.

Uamuzi ni Jumanne ijayo.

Alhamisi, 9 Mei

Sikulala. Wala Bwana Stempu. Wala Mama, aliyenipigia alfajiri kuniambia kwamba amekuwa akimwonea wifi yake, akakata kabla sijajibu.

Jumapili, 12 Mei

Jua! La kwanza baada ya siku tisa. Nimetandika magazeti juani kukausha barua za Mzee zilizopata unyevu. Tumezilinda dhidi ya upepo kama watu wanaolinda mpunga na ndege.

Jumanne, 14 Mei

Jaji alisoma dakika arobaini. Alianza na mkasi wangu, nikajikunja. Akasema shahidi aliharibu mpangilio wa asili na akakiri, na kwamba mahakama imejiuliza kama mpangilio mpya unatosha. Bwana Stempu alinishika mkono akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha jaji akataja saini ya kadi ya kwanza, akataja barua zenye mihuri, akataja kadi ya kumi na tatu na koti, na akasema mahakama imeridhika. Huyu aliye mbele yetu ndiye. Atashtakiwa kwa vifo vya watu sitini na watatu.

Sijui nani alianza kulia. Nadhani ni mimi. Mama alikuwa amenikumbatia mimi na Bwana Stempu na fundi kwa pamoja, na mikono yake haikutosha.

Askari walimsimamisha Filimbi. Hapo akainua mkono, ule mfupi, akaomba kusema. Wakili wake alimzuia, Filimbi akamsukuma pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nyembamba, ya kistaarabu. Akasema miaka yote alijua anafuatwa. Alidhani ni majasusi, alidhani ni askari wake wa zamani, aliwahi kumfukuza mdogo wake mwenyewe akimshuku. Katika makaratasi yote ya kesi hii ameona imeandikwa tu "marehemu aliyekusanya kadi". Akauliza, "Huyo mwanamke ni nani? Mimi simjui."

Jaji alipekua jalada, akamnong'oneza karani. Karani akatikisa kichwa. Ilikuwa kweli. Shangazi hakuwahi kuandika jina lake popote, kwa ajili ya usalama, na hata taarifa ya Desemba aliitoa kwa sharti hilo. Jaji akasema usiri huo haumlindi tena mtu yeyote, na kumbukumbu za mahakama haziwezi kubaki na pengo. Akaniita mimi, jamaa wa karibu, nirudi kizimbani.

Wiki kumi nilikuwa nimekaa mbele ya karatasi nyeupe. Nilimtazama yule mzee, nikamjibu yeye, siyo jaji. Nikamwambia alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na cheo, hakuwa na silaha, hakufiwa na mtu pale ghalani. Alikupima mara moja ukiwa kijana, na hakukusahau. Alikufuata mji baada ya mji kwa mabasi na kwa miguu, akala kwa watu asiowajua, akakosa harusi na mazishi na sikukuu zetu, nasi tukamnunia, naye akavumilia. Alikuwa shangazi yangu, na nilikuwa simjui mimi pia.

Karani akaniomba nitaje jina kamili, liingie kwenye kumbukumbu.

Nikalitaja, majina yote matatu, polepole, ili aandike. Filimbi alikuwa akisikiliza, mdomo umeachama kidogo. Karani alisema la mwisho hakulipata vizuri, nirudie tafadhali.

Nikarudia, kwa sauti zaidi.